Pedi za Breki: Za Uwanjani na Za Barabarani

Wapo wenye magari wengi wanaoamini kwamba pedi za breki zitumiwazo na madereva wa mashindano ni bora kuliko zote, na kwamba anayezifunga katika gari la nyumbani amewanunulia jamaa zake usalama wa ziada. Imani hiyo haina msingi. Pedi ya mashindano ikiwa baridi huweza kuchelewa kulisimamisha gari kuliko pedi ya kawaida; na pedi ya kawaida ikipelekwa uwanjani huweza kuishiwa nguvu baada ya mizunguko michache. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kila pedi ina joto lake.

Mfano wa jambo hili unapatikana Tungue, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, kwenye ghuba ulipo mji wa Palma. Nchi ya huko pwani ni tambarare, na njia nyingi ni za mchanga. Mchanga wenyewe hulizuia gari: dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, mwendo hupungua, na breki hukaa baridi karibu siku nzima. Dereva huyo huyo akipanda hadi uwanda wa juu wa Mueda, kisha akateremka na mzigo kurudi pwani, mambo hubadilika. Na kama ana gari dogo la kasi, akatamani kulipeleka Maputo kwenye uwanja wa mbio za magari, mambo hubadilika mara ya pili. Gari laweza kuwa lile lile, lakini kazi za breki ni tatu mbalimbali.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,200 likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 160 kwa saa, joto lipatikanalo latosha kuchemsha lita tatu na nusu za maji, nalo huzaliwa kwa muda wa sekunde chache tu. Likisimamishwa kutoka kilomita 80, joto huwa robo yake, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili joto huongezeka mara nne. Uwanjani kazi hiyo hurudiwa kona baada ya kona, bila nafasi ya kupoa. Katika mteremko nako, gari la tani tatu likishuka kimo cha mita 500 kwa breki peke yake huzalisha joto la kuchemsha madebe mawili ya maji. Ndiyo sababu dereva mwenye busara huingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, wala hangoji afike katikati.

Pedi za kawaida hushika tangu zikiwa baridi, lakini zikikaribia digrii 350 za Selsiasi nyingi huanza kuteleza. Pedi za uwanjani zimetengenezwa kuvumilia digrii 600 au zaidi, ila nyingi hazishiki vizuri mpaka zipate joto la digrii 150 na kuendelea. Basi fikirini gari lenye pedi hizo likitoka nyumbani alfajiri, mtoto akakatiza njia mbele yake. Dereva hukanyaga, lakini joto ambalo pedi inalisubiri halipo. Isitoshe, pedi hizo hupiga kelele na huzila sahani za breki upesi.

Lipo kundi la kati, yaani pedi zinazoshika zikiwa baridi na kustahimili joto la mizunguko michache. Mtu anayekwenda uwanjani mara mbili au tatu kwa mwaka, na kurudi nyumbani kwa gari hilo hilo, hizo ndizo zimfaazo. Anayekwenda mara nyingi na awe na seti mbili, afunge za uwanjani akifika, na azifungue kabla ya kuondoka.

Wakati wa kununua, mnunuzi atazame ubavuni mwa pedi. Nyingi huandikwa herufi mbili: ya kwanza huonyesha mshiko wa pedi katika joto la kawaida, na ya pili mshiko wake ikiwa moto. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi yenye FE hupungua nguvu ikipata moto, na yenye FF hubaki katika daraja lake. Lakini kipimo hicho hakifiki hata digrii 350, kwa hiyo herufi hizo hazimwambii mtu lolote juu ya joto la uwanjani. Kwa hilo hana budi kusoma kiwango cha joto kilichotolewa na mtengenezaji.

Yapo pia mafuta ya breki, ambayo husahauliwa na wengi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki chini ya digrii 205; yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka huleta mapovu, na kanyagio huzama mpaka chini. Dereva ajue tofauti: kanyagio likiwa gumu lakini gari halisimami, pedi zimezidiwa na joto, likizama, mafuta yamechemka. Yafaa yabadilishwe kila miaka miwili, na kabla ya kwenda uwanjani yawe mapya.

Pedi mpya huzoeshwa kwanza. Katika barabara iliyo tupu, dereva apunguze mwendo kutoka kilomita 80 hadi 30 mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, kisha aendeshe polepole breki zipoe. Uwanjani, mzunguko wa mwisho uwe wa kupoza, na gari likiegeshwa moto lisivutwe breki ya mkono. Lizuiwe kwa gia na kigingi. Pedi iliyobaki milimita 3 ibadilishwe, na iliyokwisha nusu isipelekwe uwanjani. Vumbi lake lisipulizwe kwa kinywa, na watoto wakae mbali wakati wa kusafisha, kwani pedi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani.

Kabla ya kuuliza bei, basi, mwenye gari na ajiulize gari lake litakanyagwa breki wapi, likiwa na mzigo gani, na nani atakuwa ameketi ndani yake. Akiyajibu hayo kwa ukweli, pedi imfaayo atakuwa ameijua kabla ya kuingia dukani.