TUSIPANDE TENA MITI YA KUFA



Kila tarehe 5 Desemba, siku ya mti katika inchi yetu, tunaimba, tunapanda, kisha kila mtu anarudi kwao. Safari iliyopita tulipanda miche 20 ya alinusi nyuma ya madarasa. Kufika mwezi wa nane, hakukubaki hata mmoja. Wengine wanasema: "Pa majiwe ya volkano muti hauwezi kuota." Sisi viongozi wa wanafunzi tunasema hapana. Kosa si la mawe tu, kosa ni letu.

Alinusi ulitoka milima ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Wakulima wa kaskazini ya Rwanda na wa Kabale, Uganda, wanaupanda kandokando ya mashamba. Mizizi yake ina vifundo, na ndani yake vijidudu vinavyokamata nitrojeni ya hewa. Kwa hiyo mti huu unanonesha udongo. Lakini unapenda baridi na maji. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, baridi si shida. Shida ni maji: mvua ikinyesha, inapita kati ya mawe na kupotea.

Basi tupande mahali penye unyevu, pale maji ya mabati yanapoelekea, lakini mbali na kuta, maana mti huu ukikomaa unapita mita 15. Tutoe mawe, tujaze shimo udongo mweusi na mbolea ya ng'ombe. Tuongeze udongo kidogo wa chini ya alinusi mzee, sababu una vile vijidudu. Tufunike na majani makavu, tuzungushe fito juu ya mbuzi.

Tunajua, maji si mchezo hapa Kituku. Dada zetu wanabeba bidoni ya litri 20 toka ziwani mbele ya masomo. Hatuwezi kuwaongezea mzigo wa miti 20. Tunapendekeza mti mmoja kwa kila darasa, na maji ya kunawia mikono, yasiyo na sabuni, yasimwagwe bure. Michache yenye kuishi inapita mingi yenye kukauka.

Tena, kiangazi kinaanza mwezi wa sita, na likizo inafuata. Tunamwomba Bwana Prefe aruhusu wanafunzi wanaokaa karibu waingie mara mbili kwa juma kumwagilia.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto juu ya kazi mbili, ya kupanda na ya kutia maji. Sisi tulifanya ya kwanza, tukaacha ya pili. Sasa sisi wa mwaka wa mwisho tunakwenda. Ninyi mnaobaki, nani atapokea bidoni?