Kinyama kidogo, habari kubwa

Imeenea katika familia zetu kauli kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Kwa kauli hiyo, wapo jamaa wanaomkataza mgonjwa wa mapafu asitolewe kinyama cha kupimwa. Tunaona ni wajibu wetu kueleza kinachopotea hapo.

Kikohozi kisichokwisha, makohozi yenye damu na kukonda ni dalili za kifua kikuu, na ni dalili za saratani ya mapafu pia. Picha ya kifua peke yake haitoshi kuyatenganisha maradhi haya mawili. Saratani huthibitishwa kwa kuziona seli zake kwa hadubini, na seli hizo aghalabu hupatikana katika kinyama.

Kinyama hicho hicho hubeba alama za kibiolojia zinazoelekeza tiba. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao una mabadiliko katika jeni ya EGFR ndio hasa walionufaika na vidonge vya gefitinib. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walibainisha mabadiliko mengine, ya jeni ya ALK. Yote mawili huonekana zaidi kwa wasiovuta sigara. Protini ya PD-L1 nayo husaidia kukadiria iwapo dawa za kuamsha kinga ya mwili zitafaa. Basi wagonjwa wawili wenye saratani ya jina moja huenda wakahitaji dawa mbalimbali.

Hatukatai kwamba sindano ya pafuni ina hatari zake, kama kuvuja hewa au damu, na ni haki ya mgonjwa kuelezwa. Ama saratani kusambaa kwa njia ya sindano, hilo ni nadra sana. Isiyotibiwa ndiyo isambaayo.

Tena alama hizi si hukumu. Hukadiria mwenendo wa ugonjwa kwa watu wengi. Ajali ya mja mmoja anaijua Muumba wake. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, na kujua ni maradhi gani ndiyo hatua ya kwanza ya kuitafuta.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimsindikiza mgonjwa wako, muulize daktari: kinyama kinatosha? Kitapimwa alama zipi, wapi, na kwa gharama gani? Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.