TINDIKALI AU STIMA?



Wengine wametuuliza kwa nini sisi watu wa reli hapa Kisumu tuseme habari ya mabamba ya kuchapia picha. Twajibu kwamba wanaoifanya kazi hiyo ni watoto wetu, tena tindikali twaijua. Sisi tuliobeba betri za mabehewa tunazo suruali zenye matundu za kushuhudia.

Kazi yenyewe ni hivi. Bamba la shaba nyekundu au la zinki hupakwa nta, kisha fundi huchora kwa sindano. Palipochorwa huliwa, palipo na nta husalia. Shauri ni kitu gani kitumiwe kulila bamba.

Tindikali ya naitriki hula upesi wala haihitaji waya, ndiyo sababu matajiri wa karakana waipenda. Lakini ikigusa shaba hutoa moshi wa kahawia. Mtu aweza kuuvuta mchana, akakohoa kidogo tu, akaenda nyumbani kula chakula chake, na usiku mapafu yakajaa maji. Tumemwona kijana mmoja akiinama juu ya beseni, unyoya wa kuku mkononi wa kufuta mapovu, katika chumba chenye dirisha moja, nalo limefungwa kwa ajili ya vumbi. Alikuwa amepewa kitambaa cha kufunga puani. Kitambaa hakizuii moshi huo hata kidogo!

Njia ya stima si mpya. Thomas Spencer na John Wilson walipata hati yake huko Uingereza mwaka 1840. Bamba la shaba hufungwa upande wa chanya, kipande kingine cha shaba upande wa hasi, vyote ndani ya maji ya mrututu, visigusane. Voliti 1 au 2 zatosha. Shaba hutoka katika bamba ikaenda kushika kile kipande cha pili. Hakuna moshi wa kahawia, na maji yale yale hutumika siku nyingi. Zinki yataka maji yake, ya salfeti ya zinki, maana ukiitia katika mrututu itapakwa shaba na kazi itaharibika. Wala betri ya voliti 12 isifungwe hivi hivi bila chombo cha kupunguza nguvu.

Hatusemi kwamba mrututu ni maziwa. Ni sumu, na huua samaki. Sisi tunaokula ngege hatutaki kusikia kwamba mtu amemwaga beseni lake katika mtaro uendao ziwani.

Tajiri atasema vyombo vya stima ni ghali. Basi na anunue kwanza vyombo vya kutoa moshi chumbani, na glavu, na miwani, halafu afanye hesabu tena. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka amlinde mfanyakazi, wala hana ruhusa kumkata mshahara kwa vifaa hivyo. Penye wafanyakazi 20 au zaidi yapasa pawe na kamati ya usalama.

Twaomba shauri hili liletwe katika mkutano wa tawi. Mwenye kijana anayefanya kazi ya tindikali aje naye, atueleze mwenyewe chumba chake kina madirisha mangapi.