Umeuziwa Lapi ya Ex-UK Ukiambiwa Ni Mpya? Uko na Mwaka 1 wa Kudai Doo Yako

Oktoba huku kwa chai si mwezi wa mchezo. Malipo ya kila mwezi ya majani huwa ya unga na sukari, lakini bonasi ya KTDA ndiyo hulipa karo, huongeza mabati kwa nyumba na, siku hizi, hununua lapi. Kijana ameitwa Chuo Kikuu cha Kabianga, ama anataka kuingilia kazi za mtandao, na mathee anamwambia atulie, bonasi ikiingia wataona.

Shida ni kwamba wazazi si watu pekee wanaojua hiyo kalenda. Muuza lapi pia anaijua.

Tuseme ni wewe. Umeshuka steji ya Kericho, ama Litein, ama Sotik, ama Bomet mjini. Mzae ako kando yako na doo iko kwa M-Pesa. Duka ni safi, lapi iko ndani ya boksi, imefungwa nailoni, stika zinang'aa. Unauliza, "Hii ni mpya?" Jamaa anajibu bila kupepesa macho, "Mpya kabisa, bosi." Mnalipa thao 55. Wiki 3 baadaye betri inakaa nusu saa, feni inalia kama posho mili, na fundi wa mtaa akiifungua anakuangalia kwa huruma. Anakuambia hii kitu ilifanya kazi ofisi ya watu huko ng'ambo miaka kadhaa kabla ikuje huku. Ni ex-UK, na bei yake sokoni ni kama thao 22.

Ukirudi dukani, unaonyeshwa karatasi ukutani: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Unaenda home umenyamaza, mzae pia amenyamaza, na stori inaishia hapo.

Haifai kuishia hapo. Hiyo karatasi ya ukutani haina nguvu venye unafikiria, na sheria ya Kenya imetaja hiyo hali yako karibu neno kwa neno.

Ex-UK yenyewe haina makosa

Tusiwaonee wafanyabiashara. Kuuza lapi iliyotumika ni kazi halali, na imesaidia wasee wengi ambao hawangeweza kununua mpya. Kampuni kubwa za Uingereza, Marekani na kwingineko hutumia mashine zao miaka michache, kisha huziondoa kwa wingi. Zinasafishwa, zinabadilishwa betri ama diski, zinaletwa huku. HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zimeundwa kwa kazi ngumu ya ofisi, kwa hivyo hata zikiwa zimetumika zinaweza kukusukuma vizuri. Ukiambiwa ni ex-UK, ukapewa bei ya ex-UK, ukakubali, hakuna aliyekuibia.

Wizi unaanza na neno moja: "mpya". Hilo neno ndilo lilitoa bei kutoka thao 22 hadi thao 55 kwa mfano wetu. Tofauti ni Sh33,000. Sasa ipige kwa lugha ya huku. Ukichukulia Sh25 kwa kilo ya majani mabichi, hizo ni kilo 1,320. Mtu akichuma kilo 30 kwa siku, ni siku 44 za mgongo kuuma, kwa mvua na baridi, za kulipia neno ambalo halikuwa kweli. Na wakulima wa huku, ambao miaka nenda miaka rudi wamelalamika bonasi yao iko chini kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, hawana siku 44 za kutupa.

Kuna kitu kingine kinachouma. Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa Kericho kwa sababu watu walikuwa wanaona kazi zao zikiisha. Kijana wa huku ameambiwa mara ngapi kwamba chai si ya kutegemewa tena, ajifunze kompyuta? Amesikia, amejikusanya, amenunua. Akipigwa kwa hiyo hatua ya kwanza, amepoteza lapi, amepoteza pia ile njia aliyoonyeshwa.

Kwa nini hii ishu ni ya sai

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mashine nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 hazikubaliki rasmi kwa Windows 11, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8. Kwa hivyo ofisi za ng'ambo zina sababu kubwa ya kuziondoa. Mzigo kama huo lazima utafute soko, na soko ni mimi na wewe. Lapi ya hivyo inaweza kuwa sawa kwa kuandika na kusoma, lakini ukiilipia bei ya mpya umenunua kitu ambacho mwenye programu alishakipa mgongo.

Na usidhani ni sisi wa mashambani tu tunaochezwa. Mapema 2025, Heise, chombo cha habari za teknolojia cha Ujerumani, kiliripoti kuhusu diski kuu za Seagate zilizouzwa kama mpya kumbe zilikuwa zimefanya kazi maelfu ya saa, nyingine zaidi ya saa 15,000. Wakora walikuwa wamefuta kumbukumbu ya kawaida ya matumizi ionekane sufuri, lakini kumbukumbu ya pili ndani ya diski ikatoa siri. Wanunuzi wa Ulaya wenye maduka makubwa na intaneti ya kasi walipigwa. Kwa hivyo kama ulipigwa, usione aibu. Aibu ndiyo inawalinda hao watu.

Sheria inasema aje

Anza na Katiba ya 2010, Kifungu cha 46. Mtumiaji wa bidhaa ana haki ya kupata kitu cha ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika nacho, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Hiyo ni Katiba yenyewe.

Kisha kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Sehemu ya 12 inaorodhesha uongo wa kibiashara, na mmoja wao ni kusema kitu ni kipya ama hakijatumika wakati kimetumika ama kimekarabatiwa. Kama muuzaji alikiwasha tu kukijaribu ama kukutayarishia, hapo hakijageuka kuwa kilichotumika. Lakini miaka 4 kwa dawati la mtu mwingine si majaribio.

Sehemu ya 16 ndiyo tamu. Ukiingizwa kwa mapatano na uongo kama huo, unaweza kuyavunja. Unarudisha lapi, unarudishiwa doo, na bado unaweza kudai hasara uliyopata. Kama haiwezekani kurudisha, unaweza kudai ile tofauti ya ulicholipa na thamani halisi ya kitu. Masharti makubwa ni wakati: unafaa kumpa muuzaji notisi ndani ya mwaka 1 tangu mlipopatana. Na haki za hiyo sheria haziondolewi na mapatano ya pembeni, kwa hivyo ile karatasi ya "hairudishwi" haiwezi kuzifuta.

Upande wa jinai pia uko. Sheria ya Ushindani ya 2010, sehemu ya 55, inafanya kuwa kosa kudanganya kwamba bidhaa ni mpya. Adhabu inaweza kufika miaka 5 jela ama faini ya Sh milioni 10, ama zote mbili. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, CAK.

Sasa mbona hii mchezo haiishi?

Hapa ndipo lawama inafaa kugawanywa vizuri. Sheria ni nzuri kwa karatasi, lakini Jedwali la Nne la Katiba limegawa hii kazi mara mbili. Kulinda watumiaji ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kusimamia biashara ya haki na kutoa leseni za biashara ni kazi ya kaunti. Mwenye duka la lapi Sotik hulipa leseni kwa kaunti ya Bomet, na wa Litein hulipa Kericho. Hiyo ndiyo ofisi inayomjua kwa jina, mlango na mwezi wa kulipa. Kaunti inaweza kusema kila anayeuza kompyuta aandike waziwazi kwenye risiti na kwenye rafu: mpya ama iliyotumika. Haihitaji maabara wala bajeti ya mabilioni. Inahitaji mtu apite sokoni Oktoba kama vile wanaokusanya ushuru hupita.

Lakini hakuna ofisi itakayoamka kama hakuna anayelalamika. Muuzaji mwongo anapiga hesabu rahisi: kati ya watu 10, wangapi watarudi? Na wakirudi, wangapi wataandika barua? Siku hiyo hesabu ikibadilika, bei ya uongo inapanda. Na wa kwanza kufurahi atakuwa yule jirani yake mwenye duka la ukweli, anayeandika ex-UK kwa ex-UK na kupoteza wateja kila siku kwa huyu wa "mpya kabisa".

Kabla ya kutuma doo

Moja, chukua seriali namba iliyo chini ya lapi, iingize kwa tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, upande wa waranti. HP, Dell na Lenovo zote zina huo ukurasa. Waranti ikiwa iliisha zamani, hiyo lapi si mpya, hata kama boksi linanukia dukani. Hakikisha pia namba ya boksi na ya mashine ni moja.

Mbili, soma jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, hiyo 6 baada ya kistari ni kizazi cha 6, cha mwaka wa 2015. Hakuna mtu anakutolea "mpya" ya 2015 leo.

Tatu, fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport. Itakutolea ripoti ya uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake sai. Tofauti ikiwa kubwa, betri imekula chumvi. Lakini kumbuka betri na diski zinaweza kubadilishwa, kwa hivyo zikiwa safi bado haimaanishi mashine ni mpya. Waranti ndiyo shahidi wako mkuu.

Nne, na hii ndiyo itakuokoa kortini: mwambie aandike neno "mpya" kwa risiti, pamoja na modeli na seriali namba. Kama ni mpya kweli, wino haugharimu kitu. Akianza kuzunguka, umeshapata jibu, toka pole pole.

Na kama umeshapigwa

Usiende kupiga kelele kwanza. Kusanya: risiti, meseji ya M-Pesa, picha ya tangazo, meseji za WhatsApp alizosema ni mpya, picha ya seriali namba na ukurasa wa waranti. Omba fundi akuandikie alichoona.

Kisha muandikie muuzaji. Kitu kama: "Tarehe fulani uliniuzia lapi hii, namba hii, kwa bei hii, ukisema ni mpya. Imeonekana ilishatumika. Navunja mapatano chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Nirudishie pesa yangu ndani ya siku 14, nikurudishie lapi." Tuma kwa WhatsApp na umpelekee nakala kwa mkono, ukiwa na shahidi. Hizo siku 14 ni zako za kumpa nafasi. Ile ya mwaka 1 ndiyo ya sheria, usiichezee.

Akinyamaza, peleka malalamishi CAK, halafu fikiria Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai ya hadi Sh1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Uliza kwa masjala ya mahakama iliyo karibu nawe, Kericho, Sotik ama Bomet, jinsi ya kufungua kesi. Kama muuzaji alikuwa mtu wa mtandaoni asiye na duka na amezima simu, ripoti pia polisi, kwa sababu kujipatia pesa kwa uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Mwisho, kama uko na lapi kwa keja ulinunua Oktoba na moyo hautulii, igeuze leo uangalie ile seriali namba. Ikiwa safi, endelea na kazi. Ikiwa si safi, angalia tarehe ya risiti, hesabu miezi iliyobaki, na uandike hiyo barua kabla ya bonasi nyingine kuingia.