Gwanda na Daluga: Majibu kwa Wanaoibeza Ulinzi Stars

Kuna maneno yanayosemwa juu ya Ulinzi Stars, klabu ya soka ya jeshi letu, katika matatu za Rongai zinazopitia Lang'ata, katika vibanda vya chai vya Kawangware na hata katika ofisi za katikati ya jiji la Nairobi. Yamerudiwa mno hadi watu wakayachukua kuwa kweli. Mengi si kweli. Moja lina ukweli ndani yake, na hilo nitakaa nalo zaidi, maana ndilo linalowagharimu vijana.

Wanaanza kwa kusema kwamba wale si wanajeshi, ni wachezaji waliovishwa gwanda ili wale mshahara wa bure. Anayesema hivyo hajasimama uwanjani siku ya usajili wa makurutu. Kijana hufika alfajiri na bahasha ya kaki yenye vyeti vyake. Hupimwa urefu na uzani, hukimbizwa, hufungua kinywa meno yakakaguliwa, kisha husimama peku nyayo zikatazamwa kama ni bapa. Lazima awe na umri wa kati ya miaka 18 na 26. Akifaulu hupelekwa Eldoret, kwenye chuo cha makurutu, na huko hakuna anayemuuliza kama anapiga kwa mguu wa kushoto au wa kulia. Akitoka ameshakula kiapo, na sheria inayomfunga ni ile ile ya mwaka 2012 inayomfunga mwenzake anayelinda mpaka.

Tena mlipa kodi anayelalamika husahau hesabu ya miaka. Mchezaji hutundika daluga akiwa na miaka thelathini na kitu. Mwanajeshi haishii hapo. Anarudi kikosini kuendesha magari, kutunza stoo, kushughulikia mitambo ya mawasiliano au kuwafundisha wengine mazoezi ya viungo. Wangapi waliochezea klabu zetu za kiraia walikuwa na pa kwenda siku walipoachwa?

Husemwa pia kwamba Ulinzi inawapokonya wenzake vijana kwa chambo cha ajira, kwa hiyo ushindani si wa haki. Klabu hii iliundwa mwaka 1995 kwa kuunganisha timu za kambi mbalimbali, na imetwaa ligi mara nne: 2003, 2004, 2005 na 2010. Tangu 2010 haijaligusa taji tena. Kama ajira ingekuwa hirizi ya ubingwa, makombe yangejaa kabatini. Ukweli ni kwamba Ulinzi imefungwa mikono kuliko wapinzani wake. Gor Mahia iliweza kwenda Rwanda ikamchukua Jacques Tuyisenge, ikamleta na Meddie Kagere. Ulinzi haiwezi. Mchezaji wake sharti awe Mkenya, awe ndani ya umri wa usajili na apite kwa daktari wa jeshi. Wanaotaja Kenya Police, mabingwa wa msimu wa 2024/25, wanachanganya mambo: kule wamo wachezaji wa mkataba ambao si askari. Na uwanja wa Ulinzi pale Lang'ata, unaosemwa kuwa anasa ya wanajeshi, ndio uliotumiwa kwa mazoezi na timu za mashindano ya CHAN zilipofika jijini Agosti 2025.

Kwamba kambi inaua kipaji ni dai jepesi, nalipita haraka. Stephen Waruru alikuwa mfungaji bora wa ligi mwaka 2011 akiwa Ulinzi, John Makwatta naye mwaka 2016. Boniface Muchiri alitoka Tusker akajiunga na Ulinzi, na bado timu ya taifa, Harambee Stars, ikamwita.

Ninachoomba wanaobeza wakumbuke ni mwaka 2019. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa katika udhamini, Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, zilibaki zikihangaika kulipa wachezaji. Wachezaji waliojaza uwanja wa Nyayo walikuwa wakikopa nauli ya kwenda mazoezini. Wakati huo huo mchezaji wa Ulinzi alipata mshahara wake, na akiteguka goti alikuwa na hospitali ya jeshi pale Mbagathi. Kwa dada zetu wa Ulinzi Starlets tofauti ni kubwa zaidi, kwa kuwa klabu nyingi za wanawake hazina mshahara wa kuzungumziwa. Msichana wa Kangemi anayechagua gwanda hajakisaliti kipaji chake. Amekitafutia mahali pa kuishi.

Sasa lile lenye ukweli: ukiingia Ulinzi, sahau ng'ambo.

Si kweli yote, maana Makwatta huyo huyo alitoka Ulinzi akaenda kuchezea Buildcon ya Zambia. Lakini dai hili lina mzizi. Jeshi letu limezoea mwanariadha. Paul Tergat alikuwa mwanahewa alipotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999. John Ngugi, mwanajeshi pia, alileta dhahabu ya mita 5,000 kutoka Seoul mwaka 1988. Mkimbiaji hupewa ruhusa, hupanda ndege, hushindana, na baada ya siku chache yuko kambini. Ruhusa ya namna hiyo haimfai mwanasoka. Klabu ya nje inamtaka Agosti hadi Mei, miaka miwili au mitatu, na hakuna kamanda anayeweza kutia sahihi ruhusa ya miaka mitatu kana kwamba ni ya mazishi.

Kwa hiyo straika wa miaka 23 anayepigiwa simu na wakala huwa na mabwana wawili. Klabu inaweza kukubali kumwachilia huku jeshi likiwa bado linamdai. Akiacha kazi na kuumia msimu wa kwanza, anarudi nyumbani bila klabu na bila kambi. Akikataa, atajiuliza maisha yake yote. Hapa wanaobeza wana haki, ila wanamlaumu asiyehusika. Kosa si la kijana aliyeapa. Linalokosekana ni kanuni inayowekwa wazi, ambayo angeisoma kabla ya kuinua mkono: baada ya miaka mingapi anaruhusiwa kuomba kutoka, kwa muda gani, na anarudi kwa cheo gani. Utumishi wa umma hapa Kenya una likizo bila malipo. Sioni sababu ya mwanasoka mwanajeshi kukosa ya kwake.

Wengine watajibu kwamba jeshi si mahali pa kuingia na kutoka. Korea Kusini, ambako vita na jirani si hadithi, ina klabu ya jeshi iitwayo Gimcheon Sangmu. Wanasoka hutumikia huko takriban mwaka mmoja na nusu huku wakicheza ligi, kisha hurudi klabu zao, na jeshi lao halijapungukiwa. Marekani, Roger Staubach alihitimu chuo cha wanamaji mwaka 1965, akatumikia miaka minne, Vietnam ikiwemo, ndipo akaanza na Dallas Cowboys mwaka 1969, katika ule mpira wao wa kushika mikononi. Alitwaa Super Bowl mara mbili.

Kuna wanaohofu kwamba wakiruhusiwa hawatarudi. Baadhi hawatarudi, ni kweli. Basi mkataba useme hivyo tangu mwanzo: klabu inayomtaka ilipe ada ya uhamisho, fedha ziwekwe mpaka muda wake wa likizo uishe, na asiporipoti langoni mwa kambi ya Lang'ata siku iliyoandikwa, gharama za mafunzo yake zikatwe humo.