Kama ni Uongo, Mbona Nimeumia?

Wiki mbili zilizopita nyumba yetu ilipatwa na msukosuko. Wajukuu wangu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwenzake wa saba, walikwenda kwa jirani kutazama mieleka ya Kimarekani katika televisheni. Waliporejea walikigeuza kitanda cha bibi yao kuwa ulingo. Mkubwa akapanda juu ya ubao wa kichwani, akatanua mikono kama alivyowaona wale mabingwa, akamrukia mdogo wake. Mdogo akakwepa. Mkubwa akaangukia sakafuni kwa bega, na tulipomfikisha hospitalini tukaambiwa kwamba mtulinga umevunjika.

Jioni ile nilipomwona amening'iniza mkono katika kitambaa shingoni, hasira ilinishika kuliko huruma. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, wale watu hawapigani. Hupatana kabla ya kuingia ulingoni nani atashinda na nani atashindwa. Ule ni uongo mtupu."

Akanitazama kitambo, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Babu, kama ni uongo, mbona mimi nimeumia?"

Sikuwa na jibu. Mtu mzima akikosa jibu mbele ya mtoto humwambia akalale, nami ndivyo nilivyofanya. Lakini swali la mtoto ni deni, na deni halilali. Nimekuwa nikisoma habari za mieleka hiyo tangu asili yake, na jibu nimelikuta mbali sana na kwetu, katika mji wa St. Louis wa miaka ile kabla Marekani haijaingia katika Vita Kuu ya Pili, mwezi Desemba 1941.

St. Louis umejengwa kando ya mto Mississippi, katika jimbo la Missouri. Haukuwa na fahari ya New York wala ukubwa wa Chicago, ingawa mwaka 1930 ulikuwa na wakazi zaidi ya laki nane. Ulisifika kwa bia na kwa viatu. Watu wake wengi walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji: Wajerumani, Wairishi, Waitalia, Wagiriki. Walikuwamo pia Wamarekani weusi waliopanda kutoka majimbo ya kusini, ambao ubaguzi uliwatenga katika shule na katika makazi. Mwandalizi mkuu wa mieleka mjini humo alikuwa Tom Packs, mhamiaji kutoka Ugiriki, aliyeshika shughuli hiyo tangu miaka ya 1920 hadi alipoiuza mwaka 1948. Tangu mwaka 1934 maonyesho makubwa yalifanyika katika ukumbi mpya wa manispaa, ule uliokuja baadaye kuitwa Kiel.

Ili tuelewe kilichofanyika katika ukumbi ule, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Tarehe 4 Julai 1916, mjini Omaha, wanamieleka wawili mashuhuri, Joe Stecher na Ed Lewis, walishikana kwa takriban saa tano na mshindi asipatikane. Fikiri, msomaji mpenzi, umelipa kiingilio chako, umekaa muda wote huo ukiwatazama wanaume wawili waliolaliana kama magunia ya mpunga. Mieleka ya namna hiyo isingeweza kuwalisha watu waliotaka kuishi kwayo.

Ndipo katika miaka ya 1920 Lewis mwenyewe, aliyekuwa na lakabu ya Mkabaji, akashirikiana na meneja wake Billy Sandow na mtu mmoja aitwaye Toots Mondt. Wakaweka kikomo cha muda. Wakaongeza mirusho, mikikimikiki na vituko. Wakawakusanya wanamieleka katika kundi moja lililozunguka mji hadi mji, na la muhimu kuliko yote, mshindi akawa anaamuliwa kabla ya pambano. Siri hiyo ililindwa kwa kila hila, hata kwa lugha yao wenyewe ya mafumbo, mithili ya kinyume wanachosemezana watoto wa pwani wasipotaka wakubwa wafahamu.

Hadi hapo mjukuu wangu angeniambia, "Si ndivyo ulivyosema, Babu? Uongo!" Naam, lakini kisa hakijaisha.

Mwaka 1925 kundi hilo liliamua kumpa ubingwa kijana mmoja jitu, Wayne Munn, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Nebraska. Alikuwa na sura na umbo la kuvuta watu, lakini ujuzi wa mieleka ulikuwa haba. Lewis akakubali kuangushwa naye mjini Kansas City, tarehe 8 Januari. Watu wakashangilia bingwa mpya, na tiketi zikauzika. Mwezi Aprili Munn akapelekwa Philadelphia kupambana na Stanislaus Zbyszko, Mpoland aliyekwisha kupita miaka arobaini, ambaye makubaliano yalikuwa kwamba ashindwe.

Zbyszko hakushindwa. Alikuwa amekwisha kupatana kwa siri na mahasimu wa lile kundi. Alimkamata Munn akamlaza chali, akamwachia, akamlaza tena, mpaka mwamuzi hakuwa na la kufanya ila kumtangaza mshindi mbele ya umati. Munn hakuweza kujitetea, kwa kuwa hakujua. Ubingwa uliojengwa juu ya mapatano ulikuwa hauna mlinzi.

Matokeo yake yaliufikia mji wa St. Louis. Tarehe 30 Mei 1925 Zbyszko alishindwa na Joe Stecher mjini humo, na siku iyo hiyo, katika jimbo la Indiana, Lewis akamshinda Munn na kudai kwamba bingwa halali ni yeye. Marekani ikawa na mabingwa wawili wa dunia kwa jua moja. Ilipasa kungoja karibu miaka mitatu, hadi tarehe 20 Februari 1928, Lewis na Stecher walipokutana katika onyesho la Packs hapo hapo St. Louis, na Lewis akatoka na ubingwa wote.

Tangu hapo waandalizi walijifunza somo walilolilipia ghali. Hata mchezo wa kupatana ulihitaji bingwa ajuaye mieleka ya kweli, ili mwenzake akivunja ahadi katikati ya ulingo, aweze kujiokoa. Watu wa namna hiyo hawakuwa wengi. Walijua mikamato ya kuvunja kifundo, goti au bega, na mara nyingi mtazamaji hakuuona ujuzi wao hata siku moja, maana ulikuwapo ili usitumike.

Mmoja wao alikulia St. Louis. Lou Thesz alizaliwa mwaka 1916 katika jimbo la Michigan, na wazazi wake wakahamia St. Louis angali mdogo. Baba yake alikuwa fundi viatu, mhamiaji wa asili ya Kihungari, na mpenzi wa mieleka. Mchana mtoto alimsaidia baba kazini, na nyumbani baba alimfundisha namna ya kusimama, kushika na kuanguka. Hakumwambia kwamba kuna njia ya mkato. Thesz alianza kupanda ulingoni akiwa na miaka kumi na sita, lakini hakuacha kusoma kazi yake. Alifundishwa na George Tragos, Mgiriki aliyewahi kuiwakilisha nchi yake katika Olimpiki, na baadaye na Ad Santel, wajuzi wawili waliokuwa na siri zote za mikamato ya hatari. Ilikuwa ni miaka ya kubanwa, kukandamizwa na kuamka na maumivu, pasipo mtazamaji wala makofi.

Tarehe 29 Desemba 1937, katika mji alimokulia, Thesz alimshinda Everett Marshall na kuwa bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Hata ushindi huo ulikuwa wa kupatana, na ubingwa wenyewe ulikuwa mmoja tu kati ya kadhaa zilizodaiwa nchini humo wakati ule. Lakini mapatano hayakumpa kile alichokuwa nacho kabla ya usiku ule. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Thesz aliendelea kupanda ulingoni kwa miongo mingi. Pambano lake la mwisho alilifanya Japani mwaka 1990, akiwa na miaka sabini na minne. Alifariki mwaka 2002.

Pengine mtauliza, je, watazamaji walikuwa wajinga kiasi hicho? La hasha. Mwaka 1934 mwandalizi mmoja, Jack Pfefer, aliyekosana na wenzake, aliyatoa mambo yote hadharani kupitia gazeti moja la New York. Ikaandikwa wazi kwamba mapambano hupangwa. Mwezi Septemba mwaka huo huo watu wapatao 35,000 walijaa katika uwanja wa Wrigley Field, Chicago, kumtazama Jim Londos, Mgiriki aliyependwa kuliko wote, akimkabili Ed Lewis. Ilikuwa ni miaka ya dhiki kubwa, viwanda vimefungwa na watu hawana kazi. Nadhani wengi walikwenda kwa sababu ile ile inayotupeleka sisi kutazama mchezo wa kuigiza. Hatumwiti mwigizaji mwongo kwa kuwa hakufa kweli jukwaani. Twamtaka aijue kazi yake.

Sisemi kwamba yote yalikuwa mema. Waandalizi wale hawakuona haya kumvika mtu asili isiyo yake. Muarmenia mmoja alifanywa kuwa Ali Baba, kana kwamba ametoka katika hadithi za Alfu Lela u Lela, na mwaka 1936 akatwaa ubingwa mjini Detroit kwa jina hilo. Mwanamieleka mweusi aliyezaliwa Marekani, Reginald Siki, alitangazwa kuwa Mhabeshi. Mapatano kati ya wanaume wawili ulingoni ni jambo moja. Kumnyima mtu asili yake ili tiketi ziuzike ni jambo jingine, na hilo sitamfundisha mjukuu wangu kulicheka.

Aidha, miili haikujua mapatano. Ed Lewis, yule yule aliyesaidia kubuni mchezo wa kupangwa, alipata trakoma, ugonjwa wa macho ulioenea miongoni mwa wanamieleka kwa kugusana nyuso na kwa uchafu wa turubai walizoangukia. Ugonjwa huo tunaujua vizuri hata kwetu. Alipofika uzeeni alikuwa kipofu. Mshindi alipangwa, lakini macho yaliharibika kweli.

Jumamosi iliyopita nilimwita mjukuu wangu barazani nikamwambia kwamba nimekuja kulipa deni. Nikamweleza habari za yule fundi viatu na mwanawe. Nikamwambia, "Babu yako alikosea. Uongo ulikuwa katika kushinda tu. Kuanguka hakukuwa uongo. Ukiwaona wale watu wanaanguka wakainuka, ujue wamefundishwa kuanguka kwa miaka mingi. Na yule anayemwinua mwenzake juu amekabidhiwa shingo ya mwenzake. Akiteleza kidogo tu, amemlemaza. Ninyi mlichukua kile mlichokiona, na kile msichokiona hamkukichukua."

Alifikiri kidogo. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mdogo wangu alipokwepa, alifanya vibaya?"

"Hakufanya vibaya," nikamjibu. "Wewe hukupatana naye."

Akacheka, halafu akajishika bega, maana kucheka bado kunamuuma.

Ndugu wazazi, si kila nyumba ina televisheni, lakini kila nyumba ina jirani mwenye nayo. Ni rahisi kumwambia mtoto kwamba alichokiona ni uongo, na ni rahisi pia kumpiga marufuku asitazame. Yote mawili hayatusumbui. Mtoto hasadiki neno la mzee linalopingana na maumivu ya mwili wake mwenyewe. Kaeni naye mtazame pamoja, mmweleze kipi kimepangwa na kipi hakipangiki. Na kama baba au babu anaujua mchezo wowote kwa kweli, mieleka, ngumi, kuogelea au bao, basi amfundishe taratibu, kama fundi yule wa St. Louis, akianzia na namna ya kuanguka.

Daktari amesema kitambaa kitafunguliwa baada ya majuma matatu. Mjukuu wangu amekwisha kuniuliza iwapo siku hiyo nitamfundisha kuanguka. Nimemwambia kwamba mgongo wangu hauruhusu, lakini yuko mwalimu mmoja wa judo mtaa wa pili, na nitakwenda kumwona. Kitanda cha bibi yake kimetiwa msumari mpya.