Moshi mweusi wa Dareda ni pesa ya mwenye lori

UKISIMAMA pale Dareda, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, siku ambayo malori yanapanda kwenda Bashnet, Dongobesh na huku kwetu Haydom, utalisikia kila moja kabla hujaliona. Canter iliyopakia saruji na mabati inaunguruma kwa gia ya kwanza, utingo anatembea kwa miguu pembeni na kigingi mkononi, tayari kukisukuma nyuma ya tairi, na mkia wa moshi mweusi unabaki umening'inia juu ya migomba. Kwa miaka mingi nikiwa mwenye gari niliamini moshi ule ni dalili ya injini inayofanya kazi. Naandika leo kwa sababu nilikuja kujua, tena kwa hasara, kwamba ni dizeli niliyoilipia inayotoka nje bila kuungua sawasawa.

Nieleze hasara yenyewe. Dereva wangu alikuja siku moja akasema, "Tajiri, gari halina nguvu, kwenye vilima linatuaibisha." Tukalipeleka kwa fundi mmoja mjini, jina lake nalihifadhi, naye hakutazama kitu kingine chochote. Alifungua boneti, akakata waya wa sili kwenye pampu ya dizeli, akageuza skrubu, akasema limepona. Kweli lilipanda. Likapanda kwa miezi miwili na ushee, huku likitoa moshi kama tanuri la matofali, na mwezi wa tatu pistoni moja ikayeyuka kichwani na kutoboka tukiwa na mzigo wa watu. Ovahoo ile ilikula mauzo ya mahindi ya msimu mzima.

Ndugu msomaji, tatizo letu la kwanza si fundi wala pampu, ni hewa. Haydom iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Injini ya dizeli hupumua ujazo uleule kila mzunguko, lakini ndani ya ujazo huo oksijeni imepungua, na bila oksijeni ya kutosha dizeli haiwezi kuungua yote. Kwa hiyo trekta iliyoandikwa nguvu za farasi 75 kiwandani, kama haina turbo, huku kwetu inalima na farasi 64 hivi. Canter nyingi tulizonazo zenye injini za 4D32 na 4D33 hazina turbo pia. Ukimwaga dizeli zaidi ndani ya hewa hiyo ndogo unapata nguvu kidogo, moshi mwingi na joto kali linalotafuna pistoni na valvu. Pampu iliyopimwa kwa gari la pwani inatakiwa ipunguzwe kidogo inapokuja kuishi huku juu. Sisi tunaiongeza.

Turbo ndiyo dawa halisi ya kimo. Mswisi Alfred Büchi aliiombea hataza mwaka 1905, miaka minane tu baada ya injini ya Rudolf Diesel kupimwa na kukubalika mwaka 1897, na kazi yake ni kuchukua moshi unaotoka, kuuzungushia feni, na feni hiyo kusukuma hewa zaidi ndani. Kwa anayenunua gari leo kwa kazi ya Mbulu na Hanang, ushauri wangu ni mfupi: nunua lenye turbo tangu kiwandani. Kufunga turbo ya mtaani kwenye injini isiyotengenezwa kwa ajili yake ni jambo jingine, maana pistoni, upoozaji na oili havikuandaliwa kwa kazi hiyo. Wapo waliofanya na likadumu. Mimi sitafanya tena majaribio na gari linalolipa ada za watoto.

Lakini wengi wetu hatununui gari jipya mwaka huu. Tuzungumzie basi lile tulilonalo, na nianze na vumbi, kwa sababu ndilo mwizi mkubwa kuliko wote. Kuanzia Juni hadi mvua za mwisho wa mwaka, barabara zetu za changarawe ni unga mtupu, na lori linalomfuata mwenzake linavuta ule unga. Filta ya hewa ikiziba, injini iliyokwisha kunyimwa hewa na kimo inanyimwa tena na uchafu. Nimewaona vijana wakiikung'uta filta ya karatasi kwenye tairi mpaka inapinda, au wakiipuliza kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani, na hivyo kuuzamisha uchafu badala ya kuutoa. Pulizeni kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo wa wastani, na karatasi ikishaonyesha tundu unapoimulika kwa tochi, itupwe. Tazameni pia mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini. Ukichanika, filta mpya haina maana yoyote.

Baada ya hewa ni nozeli. Nozeli nzima hunyunyiza dizeli kama ukungu. Iliyochoka inadondosha matone kama bomba la mtaa, na tone haliungui lote. Nyingi zinauawa na dizeli ya vidumu na mapipa yenye maji na kutu. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, maana mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo na watu walichanganya. Uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta ulioanza mwaka 2010, na ushuru wa mafuta ya taa uliopandishwa mwaka 2011, ulipunguza biashara hiyo, ila maji kwenye pipa hayajui ushuru. Magari ya kisasa yenye mfumo wa komoni reli hayasamehe kabisa: tone la maji linaweza kukugharimu seti nzima ya nozeli.

Halafu kuna themostati. Nani alituambia tuiondoe? Nenda gereji yoyote, gari likichemka jambo la kwanza ni kuing'oa themostati na kuitupa, na mwenye gari anafurahi kwamba mshale wa joto uko chini. Huku Haydom asubuhi za Juni na Julai watu wanavaa makoti. Injini isiyo na themostati inatembea saa nzima haijapata joto lake, inatoa moshi mweupe, inakula dizeli zaidi na silinda zinalika haraka. Kama linachemka, tatizo ni rejeta iliyoziba, mkanda uliolegea au gasketi. Litafutwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisi wafanyabiashara hatupendi kuliongea, nalo ni lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo kila msimu. Mkulima anaumia, hilo linajulikana. Lisilosemwa ni kwamba mwenye lori naye anaumia. Magunia 40 ya kilo 100 ni tani 4. Magunia 40 ya lumbesa ya kilo 130 ni tani 5 na kilo 200, na nauli umekubaliana kwa gunia! Umebeba tani nzima na zaidi bila malipo kupanda vilima vya Dongobesh, kwa dizeli yako, springi zako na breki zako, kisha mizani ya barabara kuu ikakupiga faini. Nikisikia mwenye gari akilalamika kwamba lori lake linakula mafuta, swali langu la kwanza siku hizi ni gunia lilikuwa na kilo ngapi.

Nilijifunza kitu hapo Babati miaka kadhaa iliyopita kwa wazee wawili wa Kijerumani waliokuwa wakizunguka Afrika kwa lori kuukuu walilolifanya nyumba, lenye kitanda, jiko na tangi la maji. Nilidhani watanionyesha kifaa cha ajabu. Mzee akanionyesha daftari. Kila lita, kila kilomita, upepo wa kila tairi, na uzito wa gari walioupima kwenye mizani kabla ya safari, mpaka wa sufuria. Walikuwa wameondoa akiba ya maji isiyohitajika kwa sababu lita 100 za maji ni kilo 100 za kupandisha mlima. Mke wake alicheka akaniambia kwa Kiswahili cha kitabuni kwamba mzee ameanza kupima hata viatu vyake.

Ninawakumbuka kila ninapoona mtu anauziwa sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, au vidonge vya kutia kwenye tangi. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imepima zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo kwa miaka mingi na ikakuta vichache sana vyenye faida yoyote, tena ndogo. Bei ya sumaku moja inatosha filta mbili.

Mwendo nitausema haraka. Ukishashuka Karatu na kuikamata lami, upinzani wa upepo unakua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na turubai linalopepea juu ya mzigo linauzidisha. Na ile tabia ya kuachia gia kwenye mteremko ili "kuokoa mafuta" haiokoi kitu. Gari likiteremka kwa gia na mguu ukiwa nje ya eksileta, pampu inakata mafuta yenyewe; ukiachia gia, injini inaendelea kuungurumia dizeli ya sailensi, na breki peke yake ndiyo inabaki kushika tani zote zile. Kule Dareda tunajua mwisho wake.

Faida iko wapi? Kutoka Haydom hadi Arusha ni kilomita kama 300, kwenda na kurudi 600. Lori linalokwenda kilomita 4 kwa lita litachoma lita 150. Likifika kilomita 5 kwa lita litachoma 120. Lita 30 kwa safari. Msimu wa mavuno ukienda safari 8 kwa mwezi ni lita 240, na kila mtu azidishe mwenyewe kwa bei ya kikomo ambayo EWURA hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Bei ya mikoa yetu ya kaskazini hukokotolewa kutoka bandari ya Tanga, kwa hiyo lita inayofika Haydom tayari imeletwa na dizeli nyingine.

Lakini hakuna atakayeziona lita hizo kama kilomita mita ya gari imekufa, na za wengi wetu zimekufa. Tunampa dereva mafuta ya kukadiria, tunamshuku anauza kidumu njiani, naye analipwa kwa safari, kwa hiyo anakimbia. Mimi nilitengeneza mita, tukajaza tangi hadi mdomoni kituo kilekile kila safari, na nikakubaliana na dereva kwamba nusu ya kinachookolewa chini ya lita 150 ni yake. Sikuhitaji kumfundisha upepo wa tairi tena. Sasa yeye ndiye anayegombana na wapakiaji wa lumbesa, na mimi nakaa pembeni.

Kilichobaki hakiwezekani kwa mtu mmoja. Ili kupima nozeli au pampu kwa mashine, inatubidi kuzisafirisha hadi Arusha, na ndiyo maana mafundi wetu wanageuza skrubu kwa kukisia. Kifaa kidogo cha mkono cha kupima nozeli si ghali kiasi cha kuwashinda wenye malori, matrekta na mashine za kusaga wa Haydom, Dongobesh na Basotu wakichanga pamoja, hata kupitia SACCOS, na kijana mmoja akapelekwa VETA kujifunza kazi hiyo vizuri. Nimeshaongea na wenzangu wachache na wamekubali. Tunabishania tu kama kikae stendi au karibu na mnada, na mwenye maoni atukute pale siku ya mnada.